Mazoezi ya Kumbeba Mama

Mama yangu aliletwa nyumbani kwetu Kolwezi baada ya kuvunjika nyonga, na tangu siku hiyo tulikuwa na tatizo moja: nani atambeba. Hakuweza kusimama mwenyewe. Asubuhi ilibidi atolewe kitandani awekwe kitini, atolewe kitini apelekwe chooni, arudishwe, apelekwe nje kuota jua, na jua likikolea arudishwe tena ndani. Nyumbani tulikuwa watatu tu, maana watoto wetu walikwishaoa na kuolewa, wako Lubumbashi na Likasi. Mama alikuwa mgonjwa. Mimi nilikuwa muuza vitenge sokoni, mwenye mgongo mbovu na pumzi fupi. Na mume wangu alikuwa mtu aliyetumia nusu ya maisha yake katika kikosi cha uokoaji mgodini, kazi yake ikiwa kubeba watu.

Mume wangu hakuweza kumbeba mama yangu.

Kwetu sisi wenye asili ya Kasai, mkwe wa kiume hamgusi mama wa mke wake. Hali naye sahani moja, hakai naye uso kwa uso, haingii chumba alicholala. Hatukufika Katanga juzi. Babu zangu waliletwa kufanya kazi mgodini, sisi tumezaliwa hapa, na hata ndoto tunaota kwa Kiswahili. Lakini bukwe, yaani heshima hiyo ya ukweni, ilipanda treni pamoja na babu, na mpaka leo haijashuka. Mume wangu ana simu mbili na anaangalia mpira wa Ulaya, lakini mama yangu akikohoa barazani, yeye anatokea mlango wa jikoni. Nimeambiwa na wenzake jinsi alivyokuwa akiingia katika mashimo yenye moshi. Sijawahi kumwona akipita mbele ya mama yangu.

Mtu asidhani kwamba walichukiana. Walipendana sana, kwa kupitia pazia la mlango wa chumba cha mama. Asubuhi mume wangu alisimama upande wake wa pazia, akakohoa kidogo, akasema, "Mamu, umelala muzuri?" Mama akajifunika vizuri, ingawa hakuna aliyemwona, akajibu, "Nimelala, tata. Na we?" Kisha walizungumza habari za mvua, za kanisa, za umeme uliokatika, na mimi nikapita katikati yao na beseni. Akitaka kwenda bafuni, mume wangu aliimba wimbo wa kanisa kwa sauti ili mama ajue anapita na ageuze uso. Ulikuwa wimbo uleule kila siku. Hana sauti nzuri.

Kwa haki, mama alipaswa kukaa kwa kaka yangu mkubwa, kule Kasaji, anakolima mahindi na mihogo na kuuza karibu na stesheni. Nyumba ya mtoto wa kiume ndiyo nyumba ambamo mama anakaa bila kusumbua heshima ya mtu. Kaka alituachia tu kwa sababu hospitali ilikuwa huku. Daktari alipomaliza kazi yake, simu zikaanza.

"Unaweza kumubeba?" aliuliza.

"Naweza, yaya," nilijibu, maana kwetu kaka mkubwa huitwa yaya.

"Bwana yako hawezi kukusaidia. We mwenyewe haunaweza kubeba hata mufuko ya bitenge. Mi nakuya kumuchukua."

Mama hakutaka kwenda Kasaji. Kanisa lake, kaburi la baba na majirani wote aliogombana nao walikuwa Kolwezi. Mimi pia sikutaka aende. Kwa miaka mingi nilikuwa nikimwona Jumapili tu, baada ya ibada, akiwa amezungukwa na mama wenzake wa kwaya, akinipa mkono kama ninavyopewa na mchungaji. Sasa alikuwa wangu kila asubuhi. Alinisimulia mambo ambayo hakuwahi kunisimulia, akanikosoa chumvi, na nilipomsuka nywele alisinzia mikononi mwangu. Nilimpenda kuliko nilivyojua, na nikaona aibu kuligundua jambo hilo katika umri wangu.

Kwa hiyo ilibidi nijue kumbeba.

Siku za mwanzo nilimbeba vibaya. Niliinama, nikamshika makwapani, nikavuta kama mtu anayeng'oa mhogo. Yeye hakuinuka, mimi ndiye niliyeshuka. Tukajikuta wote wawili tumelala kitandani tukiangalia dari.

"Mwana wangu," mama alisema, "mugonjwa ni nani? Ni mi ao ni we?"

Nyuma ya pazia mume wangu alikuwa akiteseka. Nilimsikia akipumua. Mtu aliyefundisha vijana wa mgodi kumwinua majeruhi alikuwa amesimama hapo, mkono mmoja umeshika ukuta, akisikiliza mke wake akikosea kila kitu. Mwishowe hakuvumilia.

"Mugongo iko wima?" aliuliza.

"Sijui, siuoni."

"Kama haujui, haiko wima. Kunja magoti. Musogeze Mamu karibu na kifua. Nguvu inatoka mu miguu, haitoke mu mugongo."

"Sikia tata," mama alisema. "Ye njo anajua."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kufundishwa kubeba na mtu asiyeniona, huku ninayembeba akimwunga mkono mwalimu.

Asubuhi kabla ya kwenda sokoni mume wangu alinipeleka uani. Nilichuchumaa na kuinuka nikiwa nimekumbatia bidoni, yaani dumu la maji. Nilipanda na kushuka kwenye kreti la bia. Nilisukuma ukuta wa bafu, ukuta ambao haujawahi kunikosea lolote. Baada ya wiki kadhaa miguu iliacha kutetemeka, na nikaweza kumtoa mama kitandani na kumweka kitini bila sisi wawili kuangalia dari. Nilimpigia simu kaka na kumwambia. Akasema vizuri, kisha akasema ataona.

Kisha ikaja siku ya mvua. Nilitoka sokoni nikikimbia, maana vitenge havipendi maji, nikafika nyumbani pumzi zikinitoka kila upande, na mama akaniita kwamba anataka chooni, na sasa hivi. Nikaenda moja kwa moja. Nikakunja magoti, mgongo wima, nikamshika kama nilivyofundishwa. Miguu ilikataa. Si kwamba haikuwa na nguvu. Asubuhi ilikuwa nazo. Ila moyo ulikuwa unagonga masikioni na sikuwa na hewa ya kumwinulia mtu. Tuliishia sakafuni polepole, mama akiwa juu yangu, na hakuwahi kufika chooni. Hakuniteta. Aligeuza uso tu, na hilo liliniuma kuliko kutetwa.

Nilipokwisha kumsafisha, nilikaa jikoni nikalia. Mume wangu alinimiminia chai.

"Ni kosa yangu," alisema. "Nilikufundisha kubeba ukiwa umepumzika. Mu mine hakuna mutu anabeba akiwa amepumzika. Majeruhi hangojee ku mulango. Iko mbali. Unakimbia kwanza, kiisha unabeba, kiisha unakimbia tena. Kama unajua kukimbia tu, unafika na hauwezi kumuinua. Kama unajua kuinua tu, haufike."

Alitoka, akaenda kutafuta filimbi yake ya mgodini.

Mazoezi mapya yalikuwa hivi. Filimbi ikilia, nilikimbia kwa nguvu zangu zote kutoka mlango wa jikoni hadi ukuta wa nyuma, nikageuka, nikarudi, tena na tena, mpaka filimbi ilie mara ya pili. Hapo bila kusimama nilikwenda kwenye mzigo, nikauinua, nikautembeza, nikauweka chini taratibu kama mtu mwenye nyonga mbovu. Kisha nilipumua. Muda wa kupumua ulikuwa sawa na muda ambao mume wangu alimaliza mikupuo kadhaa ya chai akiwa kwenye kiti chake. Chai ikiwa ya moto, nilipumzika vizuri. Ikipoa, niliumia. Kisha filimbi tena. Yeye mwenyewe hakukimbia. Tangu aache kazi amepata tumbo la heshima, na alisema mwalimu hapaswi kuchoka, kwa sababu akichoka anakuwa na huruma.

Mzigo aliutengeneza mwenyewe. Alichukua salopeti, yaani ovaroli yake ya zamani ya kazini, akafunga mikono na miguu kwa kamba, akaijaza mchanga, akaishona shingoni. Akapata mtu wa mchanga, mnene, asiye na kichwa, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa ameegemea ukuta wa bafu akinisubiri. Jirani yetu mmoja, anayeona kwa shida, alimsalimu kwa muda wa siku kadhaa kisha akakasirika kwamba hajibu.

Mume wangu hakuridhika na uzito. Wiki moja aliongeza mchanga, wiki nyingine akaona amezidisha, akapunguza. Mchanga uliletwa kwa baiskeli katika mifuko, mwingine ukatolewa nje katika mifuko. Nyuma ya ukuta watu walisikia filimbi, halafu sauti ya mwanaume aliyewahi kufanya kazi mgodini ikisema, "Inua! Pumua! Rudia!" Walimwona mke wake akitoka akiwa amelowa jasho, na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Na mtaa wetu hauko mbali na Kasulo, ambako watu walivunja sakafu za vyumba vyao wakachimba kobalti chini ya vitanda. Katika Kolwezi hakuna mtu anayehitaji ushahidi zaidi ya huo.

Wa kwanza kuja alikuwa mama wa nyumba ya pili, rafiki yangu wa kanisani. Alikaa, akanywa maji, akauliza hali ya mgonjwa, akashusha sauti.

"Mama, mi siko na wivu. Uniambie tu. Munaanzia mu chambre ya kulala ao mu salon ya bageni?"

"Tunaanzia nini?"

"Mama, mi ni rafiki yako."

Nilimweleza habari za mazoezi. Nilimweleza kwamba nakimbia na kubeba ili niweze kumbeba mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono, akasema ameelewa na hatamwambia mtu. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umeelewa.

Kisha walikuja vijana wachimbaji, mabuti miguuni na taa kichwani ingawa ilikuwa mchana. Walisimama langoni kwa adabu.

"Tata, tunasikia muko na filon ya kobalti. Siye tunajua kazi, na hatusemake."

"Hakuna filon," mume wangu alijibu. "Ni bibi yangu iko nafanya sport."

Wakaangaliana. Wakacheka ule mcheko wa mtu anayeheshimu uongo wa mkubwa. Mmoja wao aliniangalia kuanzia juu hadi chini, umbo langu lote na umri wangu wote, akamwambia mume wangu kwamba hawana haraka, watapita wiki ijayo.

Wa tatu alikuwa mnunuzi wa madini. Yeye hakuuliza wala hakusikiliza. Alikuwa na ile mashine ndogo wanayoishika kama bastola, inayosema ndani ya mawe mna nini. Aliiweka kwenye tumbo la mtu wa mchanga, akasubiri, akasoma. Akaiweka begani, akasoma tena. Akaifuta mashine kwa shati lake, akajaribu mguu.

"Tata," alisema kwa huzuni, "hii ni muchanga."

"Njo nilikuambia."

Mnunuzi akaondoka akiwa ametuheshimu zaidi kuliko alipokuja, maana aliamini kwamba madini tumeyaficha vizuri.

Mama, kwa upande wake, alifurahi kupita kiasi. Tangu avunjike hakuwa na cha kucheka. Sasa kila mgeni akija alinitaka nirudie maneno yote, na nilipofika kwenye mguu wa mtu wa mchanga alishika ubavu na kusema basi, basi, anaumia. Nyuma ya pazia mume wangu naye alicheka, kwa sauti ya chini, kama inavyopasa.

Habari ile ilikwenda hadi Kasaji. Sijui ilipanda nini, lakini ilifika mapema kuliko barua yoyote niliyowahi kuandika. Asubuhi moja kaka yangu aliingia uani juu ya moto ya kukodi, yaani pikipiki, vumbi limemfanya mtu wa rangi nyingine, na hakusalimu.

"Shimo iko wapi?"

"Karibu, yaya."

"Nimesema shimo. Banatuambia muko na shimo chini ya kitanda ya mama. Munamulalisha mama yangu juu ya shimo!"

Aliingia chumbani, akapiga magoti, akaangalia chini ya kitanda. Alikuta beseni na viatu vya mama vya kanisani. Alikaa hapo muda mrefu kidogo, kichwa chini ya kitanda, naamini kwa sababu hakujua atoke na sura gani.

"Kama unaona kobalti," mama alimwambia kutoka juu, "unitolee na mi."

Kaka yangu si mtu mbaya. Alikuwa amepanda moto kutoka Kasaji na hofu tumboni, na hofu ikishafika mahali na kukosa kazi, inatafuta kazi nyingine. Aliponawa na kula, alisema kwamba kwa kuwa amekwishafika, anataka kuona mwenyewe jinsi ninavyombeba mama. Akavuta kiti, akakunja mikono.

Mume wangu, ambaye kwa ajili ya bukwe alikuwa jikoni, alipiga filimbi taratibu sana, kwa pumzi ndogo. Nilikimbia uani mbele ya kaka yangu, kwenda na kurudi, kitenge nimekifunga juu ya magoti, katika umri ambao wanawake wengine wanasubiri wajukuu wawakimbilie. Kisha niliingia ndani moyo ukigonga, nikakunja magoti, nikamsogeza mama kifuani, nikamwinua. Nilimtoa hadi barazani na kumweka juani. Hakuna kilichotetemeka. Mama alimwangalia kaka yangu kama mtu aliyefika na gari lake mwenyewe.

"Ni muzuri," kaka alisema. "Kweli ni muzuri. Lakini we unaendaka ku soko. Siku moja ataanguka. Siku ataanguka, nakuya na motokari."

Nilikasirika. "Na kama anaanguka ku Kasaji?"

"Ku Kasaji niko mi," alisema. "Mi naweza kumushika."

Hakusema kwa ubaya. Lilikuwa neno la kweli, na lilipita mlango wa jikoni likamkuta mume wangu amesimama na filimbi yake. Nilipoingia kuchukua maji, alikuwa akiangalia mikono yake.

Baada ya hapo tulifanya mazoezi kwa bidii kuliko zamani. Mvua ikinyesha tulifanya mvuani. Na matunda yalionekana. Wiki baada ya wiki nilimbeba mama kwa urahisi zaidi. Mwanzoni nilihitaji kupumua mara mbili kati ya kitanda na kiti. Baadaye mara moja. Baadaye nilimbeba nikizungumza. Niliweza kurudi kutoka sokoni mbiombio, nikaweka mzigo chini, na kumwinua hapohapo. Mama ndiye aliyekuwa akinisifu.

"Uko na nguvu, mwana wangu," alisema kila nilipomwinua. "Leo uko na nguvu kupita jana."

"Programme iko natumika," mume wangu alijibu kutoka nyuma ya pazia, na nilisikia anavyofurahi.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo halikukaa sawa. Mtu wa mchanga hakuwa mwepesi. Nilipomwinua baada ya kukimbia bado alinitoa machozi kama zamani, hata pale mume wangu alipokuwa hajaongeza kitu. Tulilizungumza. Mume wangu alimgusa, akamgonga gonga mgongoni, akasema ni mvua, mchanga umekunywa maji. Nilikubali. Nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hachunguzi mchanga.

Siku hizo mama alikuwa ameanza kusema ameshiba mapema. Bukari, ugali wetu, aliimega mara mbili tatu akasogeza sahani, akasema ninapika kingi mno, ninataka kumnenepesha ili nionyeshe watu misuli yangu. Tulicheka. Kitenge alichokuwa akijifunga mzunguko mmoja na nusu sasa alikuwa akijifunga miwili. Nilimwambia akivae vizuri.

Alianguka siku ya soko kubwa. Nilikuwa nampimia mteja kitenge, na simu ikalia. Mume wangu hupiga simu kwa kelele, kama mtu aliye bado chini ya ardhi. Siku hiyo alizungumza polepole.

"Mamu ameanguka. Alitaka kuchukua maji mwenyewe. Iko chini, pembeni ya kitanda. Hakuvunjika, tunazungumuza. Sikumugusa."

"Mwite mama wa nyumba ya pili amwinue."

"Nilitaka kumuita. Mamu anakataa. Anasema jirani ataambia mutaa, na mutaa utaambia Kasaji."

Mama alikuwa sahihi. Nilimwachia mwenzangu wa meza ya jirani vitu vyote nikatoka. Barabarani malori ya madini yalikuwa yamesimama mstari mmoja hadi nisikoona mwisho, moja limeharibika mbele, na moto za abiria zimekwama katikati yake. Nikaanza kukimbia. Nilikimbia kwa nguvu zote kutoka lori hadi lori, nikatembea nikivuta pumzi, nikakimbia tena, kama nilivyofundishwa uani, bila chai ya mtu kunipimia. Madereva waliniangalia kutoka juu. Mmoja aliuliza kuna nini, mwingine akamjibu kwamba lazima shimo limebomoka mahali. Niliogopa. Sikuogopa kwamba ameumia. Niliogopa motokari ya kaka yangu, ikigeuka mbele ya lango letu na mama ndani yake.

Nilipoingia nyumbani nilimkuta mume wangu sakafuni. Alikuwa amekaa upande wake wa pazia, mgongo ameegemeza ukutani, uso ameugeuzia upande mwingine ingawa pazia lilikuwa limefungwa. Kando yake kulikuwa na ufagio. Baadaye nilielewa: alikuwa amechukua mto, akausukuma kwa mpini wa ufagio chini ya pazia, taratibu, mpaka mama alipoweza kuufikia na kuuweka chini ya kichwa. Kisha akakaa chini ili asiwe juu ya mkwewe, na wakazungumza. Nilipofika walikuwa wamefika kwenye habari za bei ya makaa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Sikumugusa," aliniambia tena, kama mtu anayekiri kosa.

Niliingia. Mama alikuwa amelala ubavu, kitenge amejifunika vizuri hadi mabegani, amekasirika kidogo kwa sababu ya kuchelewa kwangu. Moyo ulinigonga masikioni. Nilichuchumaa. Magoti, mgongo, kifua. Nilivuta pumzi ya kumtosha, pumzi ya mama yangu niliyemjua, mwanamke wa kwaya mwenye mabega, nikasukuma kwa miguu kama nilivyofundishwa.

Aliinuka ghafla mno, kama mtungi mtupu unaouinua ukidhani umejaa. Nilirudi nyuma hatua mbili naye mikononi, karibu tugonge kabati. Nikasimama. Chini ya kitenge mkono wangu ulikuwa umeshika mbavu, moja moja, na mkono mwingine ulikuwa umezunguka mapaja yote mawili na kubaki na nafasi. Nilikuwa nimembeba kila siku, asubuhi na jioni, na kila siku alikuwa amepungua kidogo, na kila siku nilidhani kilichoongezeka ni mimi. Mpaka leo sijui ni kiasi gani kilikuwa nguvu zangu.

Sikumweka kitandani mara moja. Nilimshika tu. Uso wake ulikuwa karibu sana na wangu, na aliona kwamba nimejua. Yeye hakushangaa. Alikuwa amejua zamani, tangu alipoanza kunisifu.

"Mamu," nilisema.

Aliweka kiganja chake shavuni kwangu, akanifuta vumbi la malori.

"Kama yaya yako anauliza," alisema kwa sauti ndogo, "umuambie nilikuwa muzito."

Nyuma ya pazia mume wangu alikuwa amesimama. Nilisikia anavyohema, kama yeye ndiye aliyekimbia.

"Umemushika muzuri?" aliuliza. "Ni muzito?"

Mama aliniangalia.

"Muzito," nilijibu. "Muzito sana."